Mawingu Yasiyo na Mvua

Jumatatu ya tarehe 15 Novemba 1971, roketi nyembamba aina ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini, Ghuba ya Ngwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo hamsini na ushee iliyopewa jina Explorer 45. Kutoka Lamu hadi hapo, ukipima mstari ulionyooka, ni kama kilomita 100. Kazi ya setilaiti hiyo ilikuwa kufuatilia mawingu. Si haya yanayokuja na kusi na kutunyeshea nguo zikiwa bado kambani. Ni mawingu ya plazma, yanayoelea maelfu ya kilomita juu ya vichwa vyetu, hayana mvua wala kivuli.

Hebu jiulize kama umewahi kusikia habari hii. Mimi nimekulia Lamu, na historia ya Lamu nimelishwa kwa kijiko tangu utotoni. Vita vya Shela nimesimuliwa. Wareno nimesimuliwa. Masultani wa Pate na fitina zao, nimesimuliwa mpaka nikalala. Halafu mwaka 2001 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe kwenye orodha yake ya urithi wa dunia, na waongozaji watalii nao wakaongeza chumvi. Lakini jambo lililotokea 1971, mbele ya macho ya watu ambao baadhi yao bado tunawaamkia shikamoo kila asubuhi, halimo kwenye masimulizi ya baraza lolote ninalolijua.

Ukibahatika utampata mtu anayeikumbuka Uhuru. Hiyo ilirushwa mwaka mmoja kabla, 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miali ya eksirei kutoka angani, na jina lake limo kwenye vitabu vya astronomia mpaka leo. Ndugu yake huyu wa baadaye hakupewa jina, alipewa namba. Nadhani ndiyo maana amesahaulika. Uhuru utalisahauje? Lakini 45, nani ataibeba mdomoni?

Chuo kikuu nilisoma fizikia miaka miwili kabla ya kuacha. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyetaja Ngomeni. Plazma yenyewe ilipita ubaoni kwa dakika kama ishirini, ikaitwa hali ya nne ya maada, ikafutwa, tukaendelea na mambo ya mtihani. Kwa hiyo nitaanza pale palipofutwa.

Chukua gesi yoyote. Ipashe moto mkali, au imulike kwa mwanga mkali wa jua usio na hewa ya kuuzuia, mpaka atomi zake zipoteze elektroni. Sasa una mchanganyiko wa vipande viwili: elektroni zenye chaji hasi na ioni zenye chaji chanya, zote zinazurura pamoja. Hiyo ndiyo plazma. Radi ni plazma. Jua ni plazma. Ule mwali wa samawati usiotazamika kwa macho matupu, fundi wa jua kali anapolehemu geti, ni plazma pia. Kwa Kiswahili wengine mtandaoni wameiita utegili, neno zuri, ila sijamsikia mtu akilitamka kwa mdomo, kwa hiyo nitabaki na plazma.

Kinachoitofautisha na moshi au mvuke ni kwamba plazma inaisikia sumaku. Moshi wa tanuri la chokaa unakwenda upepo unakokwenda, basi. Plazma inashikwa na mistari ya sumaku ya dunia kama shanga kwenye uzi: kuteleza kando ya uzi ni rahisi, kuukata uzi ni kazi. Na ukiisukuma kwa nguvu ya umeme, haiendi unakoisukuma. Inakwenda upande, kama kaa wa mikoko. Mtu aliyezoea mashua na upepo anaona hii ni kichaa. Wanasayansi nao waliona hivyo hivyo, ndiyo maana walitaka kuiona kwa macho.

Lakini utaonaje kitu kisicho na rangi? Jawabu lao lilikuwa la kitoto, na ninalipenda kwa sababu hiyo. Mtoto akitaka kujua mkondo wa maji kwenye mfereji anatupa jani. Wao wakatupa rangi. Mapema 1961, kwenye kisiwa cha Sardinia, kundi la Waitaliano likiongozwa na Luigi Broglio, jenerali wa jeshi la anga aliyekuwa pia profesa wa Roma, lilirusha roketi ndogo iliyomwaga mvuke wa sodiamu angani. Wingu likang'aa, wakalipiga picha, wakasoma upepo wa juu kutokana na jinsi lilivyopinda. Shika jina hilo la Broglio, tutakutana naye tena huku kwetu.

Sodiamu ilionyesha upepo wa hewa ya kawaida. Kwa plazma yenyewe, waliofanya kazi kubwa walikuwa Wajerumani wa Taasisi ya Max Planck, miaka ya 1960, wakiongozwa na Reimar Lüst na Gerhard Haerendel. Rangi yao ilikuwa bariamu. Walichanganya metali hiyo na oksaidi ya shaba ndani ya mkebe, wakaupandisha kwa roketi hadi kilomita 200 hivi, kisha wakauwasha. Mchanganyiko unawaka kwa joto kali sana, na bariamu iliyozidi inatoka kama mvuke. Saa ya kufanya hivyo ilichaguliwa kwa uangalifu: baada ya magharibi au kabla ya jua kuchomoza, wakati ardhini ni giza lakini juu kule jua bado linapiga. Wapiga picha wako gizani, wingu liko kwenye mwanga.

Kinachofuata inafaa ukifikirie taratibu. Kwanza linatokea duara la kijani, linavimba pande zote sawasawa, karibu kilomita moja kila sekunde. Hiyo ni gesi ya kawaida, bado haina chaji, haijui kuna sumaku. Lakini mwanga wa jua unazinyang'anya atomi za bariamu elektroni zao, na nusu dakika inatosha kwa sehemu kubwa kubadilika. Hapo wingu linagawanyika mara mbili mbele ya macho yako. Lile la kijani linaendelea kutanuka na kupeperushwa na upepo mpaka linafifia. Ndani yake linachomoza jingine, la zambarau, ambalo halitaki tena kuwa duara. Linarefuka. Linajinyoosha kando ya mstari wa sumaku kama mwiko mrefu, kisha linaanza kutembea kivyake, upande ambao upepo hauvumi. Mapacha waliozaliwa kwenye mkebe mmoja wanaachana njia kwa sababu mmoja anaisikia sumaku na mwenzake ni kiziwi.

Halafu likitembea muda kidogo, ukingo wake wa nyuma unaanza kuchanika michirizi, kama mkeka unaofumuliwa ukili mmoja mmoja. Hilo lilikuwa swali gumu. Kwa nini wingu laini lisibaki laini? Kumbe pale plazma nzito inapopakana na nyepesi huku ikisukumwa, mpaka kati yao hautulii. Kikunjo kidogo kinajikuza chenyewe, kinakuwa kikubwa, kinakuwa ufa. Tutahitaji wazo hili tukirudi Lamu.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao sitauremba. Si kila aliyetaka kujua plazma inavyotanuka alitumia mkebe wa bariamu. Mwaka 1958 Marekani ililipua mabomu matatu ya nyuklia juu ya Atlantiki ya Kusini kwa siri, Operesheni Argus, kuona kama elektroni za mlipuko zitanaswa na sumaku ya dunia. Zilinaswa. Tarehe 9 Julai 1962 wakalipua jingine kubwa zaidi, Starfish Prime, megatoni 1.4, kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, na mnururisho uliobaki ukaharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo ya kwanza ya Uingereza, Ariel 1. Mwaka uliofuata mkataba ukapiga marufuku milipuko ya aina hiyo. Bariamu ilibaki njia ya watu wenye akili timamu.

Sasa tuje pwani yetu. Broglio alitaka kurusha setilaiti kutoka ikweta, na sababu yake ni hesabu tu. Dunia inazunguka, na kwenye ikweta ardhi inakwenda kasi kuliko mahali pengine popote, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayopaa kuelekea mashariki inapewa kasi hiyo bure. Tena Ngwana ina bahari tupu upande wa mashariki, kwa hiyo mabaki yakianguka hayaangukii mji. Waitaliano wakaleta majukwaa mawili. Moja waliliita Santa Rita, ambalo asili yake lilikuwa mtambo wa kuchimba mafuta baharini. La pili wakaliita San Marco, kwa jina la mlinzi wa mabaharia wa Venice, jina lile lile la mradi. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 ziliingia kwenye mzingo kutoka maji hayo. Tisa! Watu wengi wa rika langu wanajua moja, na wengi hawajui hata moja.

Miezi miwili kabla ya Explorer 45, tarehe 21 Septemba 1971, roketi ya aina ile ile, Scout, ilipaa kutoka Wallops, pwani ya mashariki ya Marekani, ikiwa na mkebe wa bariamu wa Max Planck. Safari hii hawakuishia kilomita 200. Waliuwasha zaidi ya kilomita 31,000 kutoka ardhini, na wingu likaonekana kutoka mabara ya Amerika. Kwa hiyo ndani ya msimu mmoja, kwa roketi ya aina moja, binadamu walijaribu njia zote mbili. Kule Wallops walitengeneza wingu lao wakalitazama. Hapa Ngwana walituma chombo kikasubiri mawingu yanayojitengeneza yenyewe.

Maana yapo. Jua linapotupiga kwa dhoruba, upande wa usiku wa dunia mistari ya sumaku inavutwa kama manati, kisha inaachia. Plazma inarushwa kuelekea kwetu, wingu baada ya wingu. Ikifika karibu inagawanyika: protoni zinazunguka dunia kuelekea magharibi, elektroni kuelekea mashariki, na kwa kuwa chaji zao zimepingana matokeo yake ni mkondo mmoja mkubwa wa umeme, pete inayoizunguka dunia juu ya ikweta. Pete hiyo ikinenepa, dira zote za huku chini zinayumba kidogo. Ukitaka kuipima pete ya ikweta, chombo chako kinafaa kiruke juu ya ikweta. Ngomeni haikuchaguliwa kwa ajili ya mandhari.

Explorer 45 ilizunguka kwenye njia ndefu kama yai, ikishuka hadi kilomita mia mbili na kitu na kupanda hadi karibu 27,000, mzunguko mmoja kwa muda usiofika saa 8. Kila mzunguko ilikata pete mara mbili, ikienda na ikirudi. Mwezi mmoja tu baada ya kurushwa, 17 Desemba 1971, dhoruba ya sumaku ikaja, na ikaikuta iko kazini.

Walichokiona upande wa jioni kilikuwa na umbo la ajabu. Ungetarajia protoni zenye kasi kubwa ndizo zipenye ndani zaidi, kwa kuwa zina nguvu. Au labda zile za polepole, kwa kuwa zinachukulika. Ilikuwa zile za katikati. Mchoro wao ulitokeza mbele kama pua, na mwaka 1974 watafiti Smith na Hoffman walipoandika habari zake hawakutafuta neno la kifahari, waliiita pua tu.

Ukitaka kuielewa, fikiria mlango wa Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara. Mtu wa Lamu anayekwenda Faza anajua Mkanda hauingiliki wakati wowote. Maji yakiwa mengi lakini mkondo unakupinga, hufiki. Mkondo ukiwa upande wako lakini maji yameshakauka, unakwama kwenye tope na mikoko. Kuna kipindi kifupi ambapo vyote viwili vinakubaliana na chombo kinapita moja kwa moja. Protoni nazo zina mikondo miwili. Mmoja unazipeleka mashariki pamoja na mzunguko wa dunia, na huo unazishinda zile za polepole. Mwingine unazipeleka magharibi kwa sababu sumaku inaongezeka nguvu kadiri unavyosogea karibu, na huo unazibeba za kasi. Za katikati zinajikuta mikondo hiyo imefutana, hazivutwi huku wala kule, zinanyooka ndani. Hiyo ndiyo pua. Nilipoielewa mara ya kwanza nilikuwa kwenye boti ya abiria ya Mtangawanda, nasoma kwenye simu, jirani yangu amebeba kuku. Nilicheka peke yangu, kuku akanitazama.

Setilaiti hiyo ilifanya kazi mpaka 1974. Takwimu zake zilikwenda Greenbelt, Maryland, kwenye kituo cha Goddard cha NASA, zikazaa makala nyingi sana.

Kisayansi, njia ya kutengeneza wingu nayo haikuishia hapo. Tarehe 27 Desemba 1984, kwenye mradi wa AMPTE, Wajerumani wakishirikiana na Wamarekani na Waingereza walimwaga bariamu kilomita kama 110,000 kutoka duniani, ndani kabisa ya upepo wa jua, wakatengeneza nyota-mkia ya bandia. Mambo mawili yalijitokeza. Wingu lilipotanuka lilisukuma sumaku ikatoka nje, na kwa muda mfupi likawa na tumbo ambalo ndani yake hakuna sumaku kabisa. La pili, kila mtu alitarajia kichwa cha wingu kipeperushwe na upepo wa jua. Badala yake kilianza kwa kwenda upande. Kaa tena! Ioni za ukingoni zilikuwa zinanyakuliwa kwenda upande mmoja, na wingu lililobaki likarudi upande wa pili, kama mashua unapoiruka kwenda gatini.

Uchunguzi ninaoupenda zaidi ulipaa kutoka Ngwana Ijumaa ya tarehe 25 Machi 1988. San Marco D, setilaiti ya Waitaliano, Wamarekani na Wajerumani, yenye vyombo vitano, vikiwemo cha kupima mwendo wa ioni na cha kupima nguvu ya umeme. Njia yake ililala karibu kabisa na ikweta, haikupita nyuzi 3 kusini wala 3 kaskazini. Lamu iko nyuzi 2 na dakika 16 kusini. Maana yake, kila mzunguko, usiku na mchana, kila baada ya saa moja na nusu na ushee, ilipita juu ya upeo wetu. Tangu Machi mpaka ilipoungua hewani Desemba mwaka huo huo, hakuna siku iliyotukosa. Kama kuna chombo cha anga kinachostahili kuitwa jirani wa Lamu, ni hicho.

Na kilichokuwa kinatafutwa kinatokea hapa hapa. Mchana jua linatengeneza tabaka la plazma juu yetu, kuanzia kama kilomita 100 kwenda juu. Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hilo inakufa haraka, ioni zinarudiana na elektroni zao. Sehemu ya juu inabaki, tena mara nyingi inanyanyuliwa zaidi saa ya magharibi. Sasa una plazma nzito juu, na chini yake karibu hakuna kitu. Ni kama uji mzito sufuriani: moto ukipiga chini, uji hautulii, kiputo kinajitengeneza chini kinapanda mpaka kinapasuka juu. Viputo vya angani vinaweza kupanda zaidi ya kilomita 1,000. Ndani yake plazma ni haba sana, kingo zake zimechanika chanika. Ni jamaa wa karibu wa ile michirizi ya bariamu. Mpaka usiotulia ni ule ule, ila huu haukutengenezwa na mtu na unajirudia wenyewe, hasa miezi ya Machi na Septemba.

Ikweta ya sumaku hailingani na ile ya ramani. Kwa upande wetu inapita Ethiopia. Kiputo kinazaliwa huko, na kwa kuwa plazma imefungwa kwenye mistari ya sumaku, kikipanda vya kutosha kinanyoosha miguu kaskazini na kusini kando ya mistari hiyo. Mguu wa kusini unatua kwenye anga ya pwani ya Kenya.

Wapi inaumiza? Ami yangu ni mvuvi wa Kizingitini. Ana jipiesi ndogo ya mkononi, imefungwa kamba shingoni kama hirizi. Ananiambia kuna usiku inaonyesha setilaiti tisa, ghafla nne, halafu inasema imepotea. "Mwanangu, hapo nafunga kile kidude natazama nyota." Huenda ni betri, huenda ni kiputo. Ishara ya jipiesi inasafiri kupitia plazma hiyo, na ikikutana na kingo zilizochanika inatetemeka kama taa inayotazamwa kupitia moshi, mpaka kipokezi kinaipoteza. Redio za masafa marefu nazo zinapata shida hiyo hiyo. Kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu kwa sababu za usalama, na katika miaka hiyo viputo vilipita juu ya bahari isiyo na mashua. Sasa kuna bandari mpya, kuna meli kubwa zinazoingia kwa vyombo vya kielektroniki, na swali la ami si la ami peke yake.

Wapo Wakenya wanaolifanyia kazi. Malindi kuna kipokezi cha jipiesi kilichomo kwenye mtandao wa kimataifa wa vituo vya aina hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, wa Maseno na wa Nairobi wamekuwa wakipima mtetemo wa ishara na kuandika kuhusu anga ya Kenya. Lakini kazi zao ziko kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo ami yangu hatayafungua, na mimi ninayafungua pale tu mtu mwema anaponitumia nakala. Wataalamu siwalaumu, kazi inalipwa kwa Kiingereza. Nauliza tu inakuwaje mvuvi ana jipiesi shingoni na hana sentensi moja ya lugha yake ya kumweleza kwa nini inazima Machi.

Baada ya San Marco D hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka Ngwana. Kituo kipo, siku hizi kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio, aliyefariki 2001, na Waitaliano bado wanakitumia kuwasiliana na setilaiti. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa 2017. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na Waitaliano, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ikapaa, na watu wakashangilia mitandaoni, nami nikashangilia. Ilipaa kutoka California. Majukwaa ya Ngwana yalikuwepo yamesimama majini siku hiyo, yanaliwa na kutu, kilomita 1,670 za bure kwa saa zinapita chini yake.

Ukitaka kuvifuatilia viputo mwenyewe, huhitaji roketi. Chagua usiku wa mwisho wa Machi au wa Septemba, panda darini simu ikiwa na programu yoyote ya kuonyesha setilaiti za jipiesi, uhesabu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita. Viputo vinakwenda mashariki, kama mita 100 kila sekunde. Kinachopita juu ya Ngomeni kitakuwa juu ya Lamu baada ya robo saa.